Niko Njiani, Mpenzi

"Ngina, huyo mtu wako anatoka Katelembo ama anatoka Ulaya?"

Mzee Maundu alisema hivyo akiwa ameegemea jembe lake, na shamba zima likaangua kicheko. Ngina naye akacheka, lakini cha meno tu. Alikuwa kwa mama yake huko Kalama, vumbi limempanda mpaka magotini, na simu mkononi ilikuwa na meseji iliyoingia sasa hivi:

"Niko njiani, mpenzi wangu. Kila hatua inanileta karibu nawe."

"Amesema yuko njiani," Ngina akajibu kwa sauti, kila mtu asikie.

"Yuko njiani tangu tunywe chai. Hiyo njia imeongezwa urefu lini?"

Siku hiyo ilikuwa ya mwethya. Kama hujui mwethya, wacha nikuambie: ni utaratibu wa Wakamba wa kusaidiana kazi, leo kwangu, kesho kwako, na kila mtu anakuja na jembe lake. Mitaro ya kuzuia maji katika shamba la Mama Wavinya, mama yake Ngina, ilibomoka mvua iliyopita, na mvua nyingine ilikuwa inakuja. Mzee Maundu, mwenyekiti, alikuwa amempimia kila mtu kipande chake kwa kamba. Sheria ni kwamba kipande cha mtu ambaye hajafika hakiguswi. Kinabaki hapo katikati ya mtaro, anayepita barabarani akione na aulize ni cha nani.

Kilichobaki kilikuwa cha Kisilu, mchumba wa Ngina.

Na si mchumba wa kubahatisha. Desemba alikuwa analeta mbuzi wa ntheo, wale mbuzi ambao kwa Mkamba wasipofika hakuna ndoa, hata mfunge harusi na kwaya mbili. Mama Wavinya alishawatangazia dada zake, majirani na akina mama wa kanisa. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mkwe kuonekana kwa mara ya kwanza. Mama alikuwa amesema wazi kwamba maneno ya vijana hayataki, anataka kumwona kijana ameshika jembe.

Ngina akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Halafu, papo hapo, meseji:

"Samahani mpenzi, mtandao unasumbua huku. Nakaribia. Nisalimie mama yetu kipenzi."

"Mama yetu kipenzi?" Farhia alikuwa anasomea juu ya bega lake. "Kisilu gani huyu? Mimi ninayemjua akisalimia ni 'niaje' na ameshaenda."

Farhia alikuwa rafiki yake wa chanda na pete, Msomali aliyezaliwa na kukulia Machakos mjini, binti ya Hashi yule mfanyabiashara wa mifugo. Wote wawili walikuwa watu wa kazi za mtandaoni. Ngina alikuwa anasikiliza rekodi na kuziandika, na kutafsiri; Farhia anaandika yale maneno yanayopita chini ya video. AI ilipoanza kunyakua wateja, mmoja alikuwa analilia chumbani kwake na mwingine kwake, mpaka Farhia akamwomba baba yake chumba kimoja juu ya duka, wakaweka meza ndefu na kuwaita wenzao. Aliyepata kazi kubwa anawaita wengine wamsaidie, na Jumamosi wanakwenda kwa wazazi wa mmoja wao kushika majembe. Wakajiita mwethya, kwa sababu jina lingine hawakuliona.

Kisilu peke yake ndiye aliyekataa kujiunga. "Mimi siwezi kazi za vikundi," alisema, akabaki chumbani kwake Katelembo na kompyuta yake.

Ngina akatupa jembe chini.

"Naenda kumchukua."

"Unaenda kumchukua mtu aliye njiani?" Mama Wavinya akauliza.

"Kama yuko njiani tutakutana, mwaitu," akamjibu mama yake.

Akapanda boda boda. Njia nzima alikuwa anakodolea macho kila pikipiki iliyotoka mbele. Kisilu hakuwa kwenye hata moja.

Alipofika kwa Kisilu, mlango ulikuwa umerudishwa tu. Akausukuma.

Kisilu alikuwa amekaa na vesti na kaptura, mapazia yamefungwa mchana kweupe, hedifoni masikioni, kipande cha mkate kando ya kompyuta. Simu yake ilikuwa imelala kitandani kifudifudi. Ngina akamsogelea akamvua hedifoni.

"Ai! Ngina! Umenishtua! Umetoka wapi na hilo vumbi lote?"

"Kalama."

"Kuna nini Kalama?"

Ngina alikuwa amejiandaa kwa uongo wowote. Pikipiki imeharibika, sawa. Kuna mwanamke kitandani, sawa, huyo angemtoa kwa nywele. Lakini swali hilo hakuwa amejiandaa nalo kabisa.

"Kisilu, sasa hivi uko wapi?"

"Si niko hapa."

"Hapana. Uko njiani. Umeniambia asubuhi yote uko njiani."

Akampa simu. Kisilu akasoma, akarudi juu, akasoma tena, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Ngina, kaa chini kwanza."

"Sikai. Sema."

"Kuna programu nimeweka. Ya AI. Inajibu wateja wangu kwa WhatsApp nikiwa na kazi. Unajua wale watu, wanauliza maswali usiku na mchana…"

"Mimi ni mteja?"

"Hapana! Lakini ulikuwa unaandika sana, na nikichelewa kujibu unakasirika. Nikasema wacha nikuweke pia, siku kidogo tu, nimalize kazi. Nikasahau kukutoa."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nane."

Sasa ilikuwa Oktoba. Miezi yote hiyo, kila alipotaka waonane, meseji ilimwambia kazi imebana.

"Kwa hivyo yule mteja wangu wa miaka yote aliponiacha, akisema mashine inamtosha, nikakuandikia nikilia…"

Ngina akaichukua simu yake mkononi mwa Kisilu.

"Ukaniambia kila chozi langu ni lulu. Nikaiweka simu kifuani nikalala nayo. Kisilu! Nimefukuzwa kazi na mashine, halafu nikaenda kubembelezwa na mashine!"

"Ilikuwa inaniletea muhtasari kila jioni. Mwanzoni nilikuwa nasoma."

"Mwanzoni."

"Kazi ilizidi, Ngina! Si unajua hali ilivyo? Makala niliyokuwa naandika kwa siku nzima, sasa wanataka rundo, kwa sababu wanajua niko na AI. Nikisinzia tu mwingine amechukua. Nafanya kazi ya watu watano! Na ni kwa sababu yako, ili nikuoe!"

"Sawa. Na mbuzi?"

"Mbuzi gani?"

Jamani! Ngina alimwangalia huyo mwanamume aliyempenda miaka mitatu, akasubiri acheke, aseme anatania. Kisilu hakucheka.

"Mbuzi wa ntheo. Nilikuuliza utakuja lini na wazee, ukanijibu, ngoja nikusomee: 'Desemba, mpenzi wangu, nitaleta mbuzi wote wanaohitajika, kwa moyo mkunjufu.' Mama ameambia ukoo mzima. Shangazi yangu wa Kangundo ameshashonesha nguo!"

Kisilu akaanza kuhesabu kwa vidole miezi iliyobaki.

"Unafanya kazi ya watu watano ili unioe, na hujui hata kama unanioa!"

"Nilikuwa nitakuuliza mwenyewe. Haki ya Mungu, Ngina, nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Umechelewa. Mashine imenichumbia. Bwana harusi ni mashine. Sasa wewe ndiye nani?"

Kisilu akairukia simu yake pale kitandani, akabonyeza bonyeza.

"Nimeitoa. Angalia, nimeitoa kabisa."

"Ungeiacha. Angalau yenyewe ilikuwa inajibu."

Akatoka, na mlango akauacha wazi hivyo hivyo.

Aliporudi Kalama watu walikuwa wamemaliza vipande vyao, wamekaa chini na sahani za muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe. Farhia akamkimbilia njiani, akamwona macho, akaelewa kuna jambo. Akaelezwa kwa maneno machache.

"Woi! Sikiza, sema ni mgonjwa. Malaria. Hakuna mtu atauliza."

"Sisemi."

"Ngina, mama yako ataaibika."

"Aibu si yangu mimi niibebe."

Akaenda akasimama mbele ya watu wote, mikono kiunoni.

"Kisilu hakuja na haji. Hakuwa njiani. Aliyekuwa ananiandikia ni mashine ya kwa kompyuta yake, na yeye mwenyewe hakujua kuna mwethya. Na Desemba pia ilipangwa na mashine."

Mzee Maundu akainua kijiko.

"Ngoja nielewe. Ni hiyo mashine ndiyo ilituahidi mbuzi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi iletwe ilime."

Watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Mama Wavinya hakucheka. Alimvuta Ngina kando ya jikoni.

"Mwanangu, si ungesema tu ni mgonjwa? Sasa mimi kanisani nitapitia wapi?"

"Utapitia mlango mkubwa, mwaitu, kichwa juu. Wewe hujakosa kitu. Mimi pia sijakosa kitu. Mimi nilikuwa hapa na jembe langu."

Mama akajifunga leso vizuri, akarudi kuwaongezea watu chakula. Kipande cha Kisilu kikabaki pale katikati ya mtaro, kigumu, kimeota nyasi.

Meseji zilianza Jumapili. "Ngina nisamehe." Ngina akaandika: "Imeandikwa na nani?" Ikaja nyingine ndefu, yenye machozi na kila kitu. "Na hii imeandikwa na nani?" Kisilu akatuma sauti. Ngina akasikiliza mwanzo tu, akamjibu kwamba siku hizi hata sauti inatengenezwa. Kisilu akapiga simu. Ngina akaipokea, akasema, "Na hii pia ni sauti tu," akakata.

"Dada, sasa unataka nini?" Farhia akamuuliza kwenye ile meza ndefu ya mjini. "Hata akikuandikia kwa damu utauliza ni ya nani."

"Nitauliza."

"Humpendi tena?"

Ngina akaacha kuandika.

"Nampenda. Hiyo ndiyo shida. Lakini nampenda nani, Farhia? Hii miezi nilikuwa na raha. Nilikuwa naulizwa nimekula, nimelala aje. Kisilu hajawahi kuniuliza nimelala aje. Inaniuma kwa sababu kile kitu kilikuwa kinajibu vizuri kumshinda."

"Kilikuwa kinajibu vizuri, lakini Jumamosi hakikuja."

"Na yeye hakuja."

Farhia akarudi kwenye video yake.

Katikati ya wiki simu ya Ngina ikalia. Ni mama.

"Kuna mwanamume kwa shamba langu. Anachimba."

"Ni Kisilu?"

"Nitajuaje? Kwani mimi nimewahi kumwona? Njoo uangalie kama ana damu."

Ngina alifika akamkuta mama amesimama chini ya mtaro, amekunja mikono, hajampa mtu hata maji. Juu yake Kisilu alikuwa anahangaika na jembe la kuazima, shati limeloa, anachimba kama mtu anayeua nyoka. Alikuwa amekaribia kumaliza kipande chote.

"Nimeangalia mikono," Mama Wavinya akasema. "Damu iko."

Ngina alijikaza asicheke.

"Kisilu, unafanya nini?"

"Nalipa kosa langu." Alikuwa anahema. "Sikukuandikia. Nimekuja."

Kusema kweli moyo wa Ngina ulilegea. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, na yule alikuwa mtu wake. Hata alikuwa ameshapiga hatua ya kwanza kumwendea, wakati Mzee Maundu alipotokea kwenye kona ya shamba na fimbo yake.

"Kijana, nani amekuita hapa?"

"Nimekuja mwenyewe, mzee. Kumaliza kipande changu."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Basi rudisha udongo."

"Mzee?"

"Rudisha udongo ulivyokuwa. Kipande cha mwethya hakichimbwi na mtu mmoja kama kibarua. Wewe uliwakosea watu, hukuukosea udongo. Kule kwako ulijifungia ndani. Sasa umekuja kujifungia nje."

Kisilu akamtazama Ngina amtetee. Ngina akatikisa kichwa, maana mzee alikuwa amesema kweli tupu.

"Na nifanye nini basi?"

"Aliyekosa mwethya anaitisha mwethya. Unaenda nyumba kwa nyumba kwa miguu yako, unasema ulikosea nini, kwa mdomo wako, unawaomba watu waje Jumamosi. Wakija, umesamehewa. Wasipokuja, pia tutakuwa tumejua."

"Siwezi kuwaandikia kwa grupu ya WhatsApp?"

"Jaribu uone," akasema Mzee Maundu, akaenda zake.

Kisilu akaanza kurudisha udongo. Ngina akakaa ukingoni mwa mtaro akimwangalia. Kisilu akasema bila kuinua uso.

"Ile siku uliingia kwangu, unajua nilikuwa nimekaa karibu wiki bila kuongea na mtu? Nilipofungua mdomo nilisikia sauti yangu imekwaruza. Nikajiuliza ni ya nani."

"Meza iko mjini. Nilikuita mpaka nikachoka."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Meza?"

"Ukikaa na watu, Ngina, watu wanaona. Wanaona hujapata kazi leo. Wanaona jana pia hukupata. Nilikuwa nataka mnione nikiwa nimefaulu."

Ngina akaruka akasimama.

"Kazi zetu zote zimepungua, mjinga wewe! Zote! Unafikiri kwa nini tunakaa pamoja? Unafikiri tunapenda harufu ya miguu ya mtu? Tunakaa pamoja kwa sababu hata hao wateja wakituacha sote siku moja, kuna mtu ataniuliza nimekula. Mtu, Kisilu!"

Kisilu akafuta uso kwa mkono wenye matope, ukachafuka zaidi.

"Umekula?" akauliza.

Ngina alitaka kumpiga na donge la udongo, na pia alitaka kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliondoka akamwachia udongo wake.

Kalama haina siri. Habari zilianza kumfikia Ngina mjini kabla Kisilu hajafika boma la tatu. Huku ameambiwa arudie kwa sauti, babu hasikii vizuri. Huku mama mmoja amemuuliza kama hiyo mashine inaweza kumjibia mumewe, amechoka naye. Huku amefukuzwa na mbwa, akarudi tena mbwa alipofungwa. Alikuwa anasema yale yale kila mlango: niliiachia mashine imjibu mchumba wangu, nikakosa mwethya wa mkwe wangu, naomba mnisaidie.

Ijumaa akapanda ngazi za duka la Hashi, akasimama mlangoni. Watu wote mezani wakaacha kazi. Ngina peke yake ndiye aliyeendelea kukodolea kompyuta, na nakuambia hapakuwa na kitu alichokuwa anasoma.

"Habari zenu. Naitwa Kisilu."

"Ongeza sauti," akasema Farhia. "Huku nyuma hatusikii."

"Naitwa Kisilu! Naandika makala za mtandaoni, na kazi zimepungua, na nilikuwa naona haya kuwaambia. Niliiachia mashine imjibu mtu ninayempenda. Alilia, sikujua. Alinisubiri, sikujua. Naomba mje Kalama kesho, kipande changu kiko pale pale. Nimekuja kumwalika kila mmoja." Akageuka. "Na wewe, Ngina."

"Nimesikia."

"Utakuja?"

"Nimesema nimesikia."

Jumamosi, Ngina alichelewa makusudi. Sikufichi. Alikaa jikoni kwa mama yake akichambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa, akichungulia dirishani. Watu walikuwa wamejaa kuliko ile siku ya kwanza. Wengine walikuja kwa wema na wengine walikuja kumwona kijana aliyechumbiwa mke na kompyuta, lakini wote walikuwa na majembe. Kisilu alikuwa anapima kamba na Mzee Maundu, na kila baada ya muda anageuka kutazama barabara ya kutoka mjini. Hakutoa simu mfukoni.

"Mtoe huyo mtoto wa watu kwenye mateso," Mama Wavinya akamwambia.

"Acha asubiri kidogo, mwaitu. Mimi nilisubiri."

"Umeshalipiza. Chukua jembe."

Ngina alipotokea, Kisilu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona.

"Nilidhani hutakuja."

"Na nisingekuja?"

"Ningechimba na hawa watu."

Jibu hilo Ngina alilipenda kuliko lulu zote. Akasimama kando yake, akainua jembe. Kipande kile kidogo kilichimbwa na watu wengi hivyo, wakigongana viwiko, Farhia akiimbisha kwa Kikamba na kukosea maneno makusudi ili wazee wamrekebishe. Kilikwisha kabla jua halijakolea, na Mzee Maundu akakipitia kwa fimbo mwanzo hadi mwisho.

"Hiki sasa ni kipande," akasema. "Kijana umesamehewa na mwethya. Ya huyu msichana hatuyajui."

Kisilu akaweka jembe chini. Akamgeukia Ngina mbele ya watu wote, na mbele ya mama mkwe, jambo ambalo si rahisi.

"Mimi siwezi kusema kama ile kitu. Mambo ya lulu siwezi. Nakupenda, Ngina. Nilikuwa naogopa kukuuliza kwa sababu ungesema hapana ningebaki na nini? Nataka kukuoa. Sasa ni mimi nauliza." Akafikiri kama kuna la kuongeza. "Basi. Ni hayo tu."

"Hayo maneno ni machache," Mzee Maundu akanung'unika.

"Yananitosha," akasema Ngina. "Lakini nisikilize. Mimi siolewi na mtu aliyenipa mgongo. Jumatatu kompyuta yako iko mezani mjini. Siku huna kazi, tutaona huna, na hutakufa. Ukichelewa kunijibu, chelewa wewe. Ukikosa la kuniambia, kosa wewe mwenyewe, nitakuelewa."

"Sawa."

"Na Desemba siitaki."

Shamba zima likamgeukia.

"Ngina!" mama yake akaita.

"Desemba ilipangwa na mashine. Haikuniuliza, haikukuuliza. Siolewi kwa kalenda yake. Ni Novemba."

"Novemba? Ngina, hiyo si ni mwezi ujao?"

"Umesikia."

Kisilu akamtazama Mama Wavinya, Mama Wavinya akatazama milima. Akamtazama Mzee Maundu, mzee akawa anasafisha fimbo yake kwa makini sana. Mwishowe akageuka.

"Farhia, baba yako bado anauza mbuzi?"

"Anauza. Lakini mtu asiyemjua hafanyi naye biashara kwa simu. Leo yuko mnadani."

Kisilu akapangusa mikono kwa suruali, akaokota shati lake, akaanza kuteremka mbio kuelekea barabarani. Alikuwa ameshafika kwenye lango.

"Wewe Kisilu!" Mama Wavinya akapaza sauti. "Rudi ule kwanza!"